Saa za Kiafrika na Mizani ya Chai: Nani Hasa Humchelewesha Mwenzake?

Katika mikusanyiko ya wasomi wa Afrika Mashariki kuna kicheko kimoja ambacho hakikosekani. Kongamano limetangazwa kuanza saa tatu asubuhi. Saa tatu inapita, saa nne inapita, na mnamo saa tano kasorobo msimamizi wa shughuli anashika kipaza sauti na kuwaomba wageni radhi: "Mnajua tena, hizi ni saa za Kiafrika." Ukumbi unacheka, mgeni rasmi anaingia, watu wanasimama kwa heshima, na shughuli zinaanza. Aghalabu hakuna anayejiuliza swali jepesi ambalo kicheko hicho kimelifunika. Wale watu 200 waliokuwa wameketi ukumbini tangu saa tatu kasorobo walikuwa Waafrika wa wapi?

Swali hilo lina uzito kuliko linavyoonekana. Suala la kupanga siku ya kazi, yaani kuanza jambo kwa wakati wake, kulishikilia na kulimaliza, limeandikiwa vitabu vingi vya ushauri ambavyo huuzwa kando ya njia mijini Nairobi, Kisumu na Kisii. Vingi vinamzungumzia mtu mwenye ofisi, meza, mlango wa kufunga na mtu mwingine nyumbani wa kumpikia. Msomaji wa Kiafrika akivifunga huwa ameshawishika kwamba ana maradhi ya wakati, na kwamba dawa yake ni kuwaiga wengine. Hoja ya makala haya ni tofauti. Nidhamu ya siku ya kazi imo katika jamii zetu, tena kwa wingi, miongoni mwa watu ambao hawajawahi kusoma kitabu hata kimoja cha ushauri huo. Inavunjika mahali pamoja mahususi: pale ambapo mtu mmoja ana uwezo wa kuwangojesha wengi bila kulipia chochote.

Ili kuliona jambo hili waziwazi, yafaa kuondoka ukumbini na kwenda Ikonge.

Ikonge ni kituo cha biashara katika eneo la Mugirango Kaskazini, kaunti ya Nyamira, kwenye nyanda za juu za Abagusii. Ni nchi ya vilima, migomba, mahindi, ng'ombe wachache wa maziwa na michai. Mashamba ni madogo kwa kuwa watu ni wengi na ardhi imegawanywa kizazi baada ya kizazi. Jua hapa huchomoza kwenye saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, kwa vile ikweta iko karibu. Mwanafunzi wa Kiswahili atavutiwa na jambo dogo: jua hilohilo huwa limekwisha kuonekana Mombasa takriban dakika 20 kabla, maana Ikonge iko magharibi zaidi kwa karibu digrii 5, na kila digrii ni dakika 4. Saa ya Kiswahili, inayoanza kuhesabu siku jua linapochomoza, ilipozaliwa pwani ilikuwa saa ya jua la pwani. Hata hivyo, mtu wa Ikonge akisema "saa moja asubuhi" anamaanisha kitu kinachoonekana kwa macho: kuna mwanga wa kutosha wa kutofautisha jani changa na jani lililokomaa.

Mwanga huo una maana kubwa kwa mchumaji wa chai. Kinachotakiwa ni majani mawili na chipukizi lake. Jani gumu likichanganyika humo, karani atalikataa kwenye mizani. Mchumaji, ambaye mara nyingi ni mwanamke, huwa ameamka kabla ya saa kumi na moja unusu. Moto umewashwa, uji umeiva, ng'ombe amekamuliwa, mtoto wa shule ameondoka. Saa moja inapofika amekwisha kujifunga plastiki kiunoni kwa sababu ya umande na ameingia shambani na kikapu mgongoni. Hafanyi hivyo kwa kupenda baridi. Katika nyanda hizi za juu zilizo karibu na Ziwa Viktoria, mvua hupenda kunyesha alasiri, na mara nyingine huja na mawe yanayoweza kuharibu chai ya shamba zima kwa dakika chache. Asubuhi ndiyo mali, na yeyote anayeishi hapa anajua kwamba kazi ya nje iliyoahirishwa hadi saa tisa ni kazi iliyokabidhiwa mawingu.

Hapa ndipo inapoonekana elimu ya kupanga ambayo haijaandikwa. Mchumaji huyu anazijua kazi zake kwa kiwango cha kungoja kwake. Palizi ya mahindi inaweza kungoja hadi kesho na keshokutwa. Mchai uliofikia zamu yake, kwa kawaida baada ya siku 7 hadi 14 tangu ulipochumwa mara ya mwisho, unaweza kungoja siku moja au mbili kabla majani hayajakomaa na kupoteza thamani. Lakini jani lililokwisha kuchumwa haliwezi kungoja hata kidogo. Jani hilo bado linapumua. Likishindiliwa katika gunia au likiachwa juani, linapata joto, linageuka wekundu, na kazi ya asubuhi nzima inakuwa takataka. Kwa hiyo huwekwa kivulini, hulegezwa kwa mikono, na kupelekwa kituoni siku hiyohiyo. Mpangilio wote wa siku unashikiliwa na jani hilo: kuni huchotwa wakati wa kurudi, mboga huchumwa karibu na jioni, mazungumzo na jirani hufanyika vidole vikiwa kazini.

Nani basi atasema kwamba mtu huyu hajui wakati? Ana ratiba kali kuliko ya mhadhiri yeyote, na akiikosea hapewi onyo la maandishi, hukosa kilo.

Ipo pia nidhamu ya pamoja. Abagusii wana utaratibu wa kale wa kusaidiana mashambani ambao mwanaanthropolojia Philip Mayer aliuandikia katika utafiti uliochapishwa mwaka 1951. Ulikuwapo mwito mkubwa wa majirani, risaga, ambapo mwenye shamba aliwaalika watu wa kilima chake na kuwakirimu kwa pombe baada ya kazi. Kulikuwa pia na egesangio, kikundi kidogo, hasa cha wanawake, kilichozunguka kutoka shamba la mmoja hadi la mwingine kwa zamu. Risaga ya pombe imefifia katika sehemu nyingi, lakini mantiki ya egesangio ingali hai katika vikundi vya palizi na katika vyama vya kuchangiana fedha kwa mzunguko. Utaratibu wa namna hii hauhitaji msimamizi mwenye filimbi. Anayechelewa leo katika shamba la mwenzake anajua kwamba zamu ya shamba lake inakuja, na wenzake wana kumbukumbu nzuri. Muda ulioibiwa hurudishwa kwa aliyeuiba. Pengine hii ndiyo kanuni ya wakati iliyo ya haki kuliko zote ambazo zimewahi kuvumbuliwa: wote wanachelewesheana kwa usawa, basi hakuna anayechelewesha.

Sasa na tumfuate mchumaji hadi kituoni. Majani yamefika, karani amepima, kilo zimeandikwa. Au pengine karani hajafika. Au amefika na kupima, lakini lori la kuyapeleka majani kiwandani halijaonekana. Mtu yeyote aliyekulia katika nchi ya chai, iwe Nyamira, Kericho, Murang'a au Meru, anaijua saa hii ya kungoja. Barabara ya udongo imeloa; msimu wa majani mengi umeleta foleni kiwandani; au hakuna sababu yoyote iliyotolewa. Giza linaingia, tochi za simu zinawashwa, na watoto wanaanza kulala nyumbani bila chakula kwa sababu mpishi yuko kituoni analinda gunia. Mpango mzuri wa tangu alfajiri umevunjwa na mtu au kitu ambacho mchumaji hana uwezo wa kukiuliza swali. Na kesho yake ataamka saa ileile, akiwa na usingizi pungufu wa saa tatu.

Yafaa kukumbuka kwamba chai ya wakulima wadogo nchini Kenya, inayosimamiwa kupitia KTDA, taasisi iliyoanza kama mamlaka ya serikali mwaka 1964 na kugeuzwa kampuni ya wakulima mwaka 2000, ina wakulima zaidi ya 600,000. Saa moja ya kungoja ikizidishwa kwa sehemu ndogo tu ya watu hao inakuwa hasara ambayo hakuna daftari linaloiandika. Kilo zinapimwa, bonasi inakokotolewa hadi senti, lakini saa za mkulima kituoni hazina mizani.

Wapo wasomi waliotafuta maelezo ya mambo haya katika falsafa. John Mbiti, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, alitumia maneno mawili ya Kiswahili, sasa na zamani, kueleza kwamba wakati wa Mwafrika wa jadi una wakati uliopo na uliopita ulio mrefu, ilhali wakati ujao wa mbali karibu haupo. Kwa uungwana aliongeza kwamba anayeonekana ameketi bure huenda anaungoja wakati au anauzalisha. Wanafalsafa wengine, kama vile Kwame Gyekye wa Ghana, walimpinga kwa ushahidi wa lugha zao. Mdahalo huo umefundishwa katika vyuo vyetu kwa miongo mingi, na si kusudi hapa kuufufua wote. Itoshe kusema kwamba mkulima wa Ikonge anayepanda mche wa chai anajua atangoja miaka kama 3 kabla ya kuvuna kwa maana, na kwamba mchai huo utachumwa na wajukuu wake. Mtu asiye na wakati ujao hapandi chai. Na yule aliyeketi kituoni saa mbili usiku hauzalishi wakati wowote, anangojeshwa.

Lugha yenyewe imeihifadhi historia ya kungojeshwa huku, na wanafunzi wa isimu wanaweza kuisoma humo kama katika hati. Neno kibarua ni barua ndogo. Katika karne ya 19, Unguja na Mombasa, mfanyakazi wa kutwa, ambaye mara nyingi alikuwa mtumwa aliyekodishwa na bwana wake, alipewa kijikaratasi cha kushuhudia kazi ya siku. Jina la karatasi likawa jina la kazi, kisha likawa jina la mtu. Neno kipande nalo, baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, likawa jina la hati ambayo kila mwanamume Mwafrika nchini Kenya alilazimika kuibeba, na ambayo mwajiri aliitia saini, hadi ilipoondolewa mwishoni mwa miaka ya 1940. Katika bandari ya Mombasa vibarua walikusanyika asubuhi kungoja kama wataitwa au hawataitwa. Frederick Cooper ameieleza vizuri historia hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1987, pamoja na mgomo mkuu wa Januari 1947. Ni ajabu kwamba mfumo uliowangojesha watu langoni kila asubuhi ndio uliotoa pia malalamiko kwamba watu hao hawajali wakati. Msemo "saa za Kiafrika" una nasaba hiyo. Anayeusema kwa kicheko katika ukumbi wa chuo kikuu huenda hajui ameuokota wapi.

Pingamizi moja linastahili kusikilizwa hapa. Mtu anaweza kusema kwamba nidhamu ya mchumaji ni ya shinikizo. Akiwa na mshahara wa mwezi naye atachelewa kama wengine. Hapana shaka kuna ukweli. Jani linamshurutisha, na haifai kuupamba umaskini kwa jina la hekima. Lakini pingamizi hilo, likitazamwa vizuri, linaiunga mkono hoja yenyewe. Ikiwa mtu hushika wakati anapoona gharama ya kuupoteza, na huulegeza anapolipiwa gharama hiyo na mwingine, basi ugonjwa hauko katika damu wala katika utamaduni. Uko katika mpangilio wa nani analipa.

Tuondoke sasa kituoni, tupande bodaboda hadi shule ya sekondari yoyote iliyo karibu, kwa maana wasomaji wengi wa jarida hili wataishia huko, na si wachache watakaopangiwa kazi katika vilima hivihivi. Mwalimu wa Kiswahili ana mzigo ambao mwenzake wa somo jingine haujui: insha. Tuseme ana mikondo 3 yenye wanafunzi 50 kila mmoja. Insha 150 zikisahihishwa kwa uangalifu wa dakika 6 kila moja, hizo ni dakika 900, yaani saa 15. Tuseme pia ana vipindi 2 vitupu kwa siku, kila kimoja dakika 40. Akivitumia vyote atasahihisha insha 13 kwa siku na kumaliza baada ya siku 12 za shule, muda ambao mwanafunzi bado anakumbuka alichoandika na anaweza kujifunza kutokana na kosa lake. Akipoteza kipindi kimoja kila siku, insha zinashuka hadi 6, na kazi inachukua siku 25, yaani wiki 5. Wakati huo insha inarudishwa kwa mtu ambaye ameshaisahau. Anatazama alama, anakunja karatasi, basi.

Kipindi hicho kimoja hupotelea wapi? Mara nyingine, ni kweli, mwalimu hukipoteza mwenyewe kwa simu ya mkononi na gumzo la siasa. Aghalabu, hata hivyo, huchukuliwa. Kikao cha dharura kimeitwa saa nne, wote wamekuja, aliyekiita bado yuko na mgeni ofisini. Walimu 40 wakingoja dakika 45, zimekwenda dakika 1,800, yaani saa 30 za kazi. Kwa kipimo cha hapo juu, hizo ni insha 300. Hakuna mwizi anayeweza kuiba insha 300 shuleni bila polisi kuitwa, lakini hizi zimeibwa mchana, na aliyeziiba amepokewa kwa makofi.

Katika kozi za ualimu mwanafunzi hufundishwa kuandaa maazimio ya kazi, andalio la somo na rekodi ya kazi, na wakati wa mazoezi ya kufundisha hukaguliwa kwa ukali: utangulizi dakika 5, ukuzaji wa somo dakika 30, hitimisho dakika 5. Ni mafunzo mazuri. Lakini hakuna anayemfundisha jambo ambalo mchumaji wa Ikonge amelijua bila kozi, yaani kuzitenga kazi kwa kadiri ya kungoja kwake. Insha ni jani lililokwisha kuchumwa, inaharibika. Maazimio ya muhula ujao ni palizi, yanaweza kungoja. Kusahihisha kunataka akili ya asubuhi, ilhali kunakili alama kunaweza kufanywa alasiri mvua ikipiga mabati kiasi kwamba hakuna anayesikika darasani. Mwalimu anayeanza siku kwa kunakili alama na kuziachia insha saa kumi jioni amefanya kile ambacho hakuna mtu wa kilima hiki angekifanya: ameingia shambani mawingu yamekwisha kutanda.

Mwalimu wa kike ana la ziada. Siku yake inafanana na ya mchumaji kuliko ya mwalimu mwenzake wa kiume. Kabla ya kengele ya kwanza amekwisha kufanya zamu moja, na baada ya kengele ya mwisho inamngoja nyingine. Kikao kilichoanza kwa kuchelewa na kwisha saa kumi na mbili jioni kinamgharimu mara mbili. Vitabu vya ushauri vinamwambia aamke mapema zaidi. Mapema zaidi ya saa kumi na moja ni usiku.

Methali nazo zimeshiriki katika kuuficha ukweli huu, au tuseme zimetumiwa hivyo. Kiswahili kina "haraka haraka haina baraka" na kina "ngoja ngoja huumiza matumbo". Kina "mvumilivu hula mbivu" na kina "chelewa chelewa utamkuta mwana si wako". Walimu hupenda kuwaonyesha wanafunzi kwamba methali hukinzana. Swali ambalo huulizwa kwa nadra ni hili: nani humwambia nani methali ipi? Sikiliza vizuri katika ofisi yoyote. Ya uvumilivu hutoka kwa aliyeketi nyuma ya meza kwenda kwa aliyesimama mbele yake. Ya matumbo kuumia husemwa foleni ikiwa nje, kwa sauti ya chini. Huo ungekuwa utafiti mzuri wa isimujamii kwa mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu.

Na kwa kuwa tasnifu imetajwa, isingekuwa haki kumsema mwalimu mkuu wa shule ya mbali na kuunyamazia ujirani wa chuo kikuu. Sura ya pili ya tasnifu ya mwanafunzi wa uzamili inaweza kukaa mezani kwa msimamizi wake miezi mitatu. Katika miezi hiyo mwanafunzi analipa kodi ya chumba, pengine na karo ya muhula wa nyongeza; mchumba wake anasubiri; nyumbani, labda katika kilima kimojawapo cha Nyamira, mzazi anayelipa karo hiyo kwa bonasi ya chai anauliza kwa upole mtoto atamaliza lini. Mwanafunzi hana jibu. Akimkumbusha msimamizi anaogopa kuonekana mkorofi. Asipomkumbusha, muhula unapita. Msimamizi naye ana mzigo halisi wa madarasa makubwa, vikao visivyokwisha na mitihani ya kusahihisha, na pengine barua zake mwenyewe zinangoja saini ya mtu mwingine juu zaidi. Ngazi hii ya kungojeshana haina mwisho. Aliye chini kabisa ndiye anayelipa zote.

Wanafunzi pia wana lawama yao, na ni vyema isemwe na jarida lao wenyewe. Anayewasilisha sura yake usiku wa siku ya mwisho, yenye makosa ambayo angeyaona kama angeisoma mara moja, anamtwisha msimamizi saa ambazo zilikuwa zake. Huyo naye amechelewa, hata kama tarehe haijapita.

Kurekebisha mambo haya hakuhitaji falsafa mpya. Chama cha wanafunzi kinaweza kuanza kongamano lake saa tatu kama kilivyoandika, mgeni rasmi awepo au asiwepo. Hotuba yake itasomwa atakapofika, kati ya mada ya pili na ya tatu. Ni jambo dogo la kutisha, na litamkasirisha mtu mara moja tu. Tangazo lenyewe liandikwe kwa saa moja, ya Kiswahili au ya Kiingereza, si mchanganyiko ule wa "saa 8.00 asubuhi" ambao mtu wa Tanga hucheka akiuona na mgeni wa Bujumbura hukosa kujua aje lini. Idara inaweza kutaja muda wa kurudisha sura ya tasnifu, kwa mfano siku 21, na kubandika mlangoni orodha ya sura zilizopokewa na tarehe zake, bila majina. Shule inaweza kukubaliana kwamba kikao kisichoanza ndani ya dakika 10 kimeahirishwa, na kila mtu arudi kwenye kazi yake. Katika mapendekezo haya yote kanuni ni ileile ya egesangio: anayepoteza muda wa wenzake ahisi uzito wake.

Dharura zitabaki. Msiba ukitokea kilimani, shamba huachwa, na hakuna anayeuliza saa ngapi. Abagusii wangemshangaa anayechuma chai jirani akilazwa kaburini, na wangekuwa na haki. Kumngoja aliyefiwa, mgonjwa, mzee anayetembea taratibu au mtu aliyekwama kwenye matope ni utu, na hakuna ratiba inayopaswa kuufuta. Tatizo ni kwamba utu huo huo ndio unaokopwa kila wiki na watu ambao hawakufiwa wala hawakukwama.

Jioni hii kule Ikonge mizani itakuwa imetundikwa kama kawaida, na foleni ya vikapu itakuwa imepangwa kwa kufuata aliyefika kwanza. Hakuna aliyeandika utaratibu huo, na mwenye cheo akifika na kutaka kupimiwa mbele, minong'ono itamfikia kabla hajaufikia mnyororo wa mizani. Baadaye, lori likija au lisipokuja, mchumaji atahesabu saa za usingizi zilizosalia, atapanga ni michai ipi iliyofikia zamu yake kesho, na kumtuma mtoto akawaambie wenzake wawili wa kikundi kwamba wanakutana shambani kwake saa moja. Watakuja saa moja.